Mashini ya mtumbwi inayolegea ikipata moto

Siku hizi mitumbwi mingi ya Ziwa Tanganika, toka Uvira mpaka Moba, inasukumwa na mashini ndogo iliyofungwa nyuma. Mashini hizo ni msaada mkubwa. Mvuvi anakwenda mbali usiku, naye asubuhi anarudi na ndagala wangali wabichi. Lakini kuna ugonjwa mmoja unaosumbua sana wenye mashini. Mashini inawaka vema pwani. Inakwenda kwa nguvu robo saa, au nusu saa. Halafu inalegea, sauti inashuka, na mtumbwi unakwenda polepole tu. Mwenyewe anaizima, anangoja. Mashini ikipoa inawaka tena kama haikuwa na shida. Kisha inalegea tena.

Hasara yake si ndogo. Ndagala wakifika mapema wanaanikwa juani na kukauka vizuri. Wakichelewa ndani ya mtumbwi mpaka mchana, wanaoza. Tena kuna hatari ya watu. Ziwa letu lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kina chake pahali pengine kinafika metre 1,470. Katikati ya ziwa hakuna nanga itakayoshika chini. Na katika wakati wa kiangazi, toka mwezi wa tano mpaka wa tisa, upepo wa kusini unaweza kuinua mawimbi makubwa. Mtumbwi usio na nguvu wakati huo unapelekwa pahali upepo unapotaka.

Watu wengi wanapoona ugonjwa huu wanasema mara moja: «Bobini imekufa.» Wananunua bobini mpya kwa bei kubwa, na kesho yake mashini inalegea kama jana. Fedha imepotea. Basi katika kurasa hizi tutafundisha ginsi ya kutafuta sababu ya kweli. Kanuni yetu ni moja: ugonjwa unaokuja na moto upimwe wakati wa moto. Ukiipeleka mashini kwa fundi ikiwa baridi, yeye ataiona nzima, nawe utalipa bure.

1. KWA NINI MASHINI INALEGEA IKIPATA MOTO?

Yapasa kwanza kufahamu moto unafanya nini ndani ya mashini. Chuma kikipata moto kinavimba. Pistoni ikivimba kupita kiasi inakwaruza silinda. Uzi wa shaba ulio ndani ya bobini, kama umekatika kidogo, unaweza kugusana wakati wa baridi na kuachana wakati wa moto. Mpira unakuwa laini. Esansi nayo, ikipata moto sana, inageuka mvuke ndani ya mirija, na mvuke hauwezi kulisha mashini.

Lakini angalia vema: si kila mashini inayopona baada ya kupumzika imepona kwa sababu ya kupoa. Tutaona mara hii kwamba mashini nyingine inapumzika, na wakati huo huo hewa inaingia polepole ndani ya tangi. Ni hewa iliyoiponya, si baridi. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea njia.

2. SIKILIZA KWANZA

Mtumbwi ukipunguza mwendo, sikiliza sauti kabla ya kuzima.

Kama sauti inapanda na kulia sana, lakini mtumbwi hauendi, mashini haina ugonjwa. Tazama elisi, ile yenye mabawa inayosukuma maji. Katikati yake, katika elisi nyingi, mna mpira unaoshika chuma. Mpira huo ukichakaa unateleza. Elisi haizunguki tena sawasawa na mashini.

Kama sauti inashuka, nguvu inapotea ndani ya mashini yenyewe, au kitu kinaizuia elisi. Inua mashini, hakikisha hakuna wavu wala kamba iliyojizungusha pale. Kama elisi ni safi, endelea na mapimo yafuatayo, moja moja, kwa utaratibu. Usigeuze vitu viwili kwa wakati mmoja, maana mashini ikipona hutajua ni kipi kilichoiponya.

3. ESANSI

Anza na esansi, kwa sababu pimo lake ni rahisi na halihitaji ufunguo wowote.

Juu ya kifuniko cha tangi mna visi ndogo ya hewa. Kila tone la esansi likitoka, hewa lazima iingie mahali pake. Visi ikiwa imefungwa, au tundu lake likiwa limezibwa na uchafu, mashini inavuta esansi dakika chache, kisha haiwezi kuvuta tena. Inalegea na kuzimika. Ukingoja, hewa inapenya kidogo kidogo, nayo inawaka tena. Mtu anafikiri ni moto wa mashini, kumbe ni tangi lisilopumua.

Basi mashini inapolegea, fungua mara moja visi ile au kifuniko chote. Ukisikia hewa inaingia kwa sauti, na nguvu ikarudi, umepata ugonjwa. Safisha tundu. Kazi imekwisha, hukulipa kitu.

Kama mashini yako ina tangi la kando na mrija wenye mpira wa kufinya kwa mkono, shika mpira huo wakati mashini inapolegea, ufinye mara nyingi. Mpira utakuambia mambo matatu:

Kama nguvu inarudi unapofinya, esansi haifiki yenyewe. Kosa liko katika mrija, katika viungo vinavyoingiza hewa, katika chujio, au katika pompi ndogo ya esansi ambayo ngozi yake ya ndani imepasuka.

Kama mpira umebonyea na kukaa bapa, njia imezibika upande wa tangi. Tazama visi ya hewa, na chujio lililo chini ya mrija ndani ya tangi.

Kama mpira ni mgumu, na ukiufinya mashini haibadiliki, esansi imefika mpaka kwenye kabureta. Acha tangi, tafuta mahali pengine.

Tazama pia maji ndani ya esansi. Mimina esansi kidogo toka chini ya tangi ndani ya chupa nyeupe, uiache itulie. Maji yakiwapo yatakaa chini, nawe utaona mstari kati ya vitu viwili. Esansi iliyonunuliwa kwa bidoni njiani ichujwe sikuzote kabla ya kuingia tanganini. Usivute sigara wakati wa kazi hii, wala usilete taa ya moto karibu.

Weka tangi na mrija kivulini, chini ya ubao au chini ya kitambaa chenye maji. Jua la mchana linachemsha esansi. Wenye mitumbwi ya Ziwa Kivu waangalie zaidi: ziwa lao liko juu, metre 1,460 hivi, na mahali pa juu esansi inageuka mvuke upesi kuliko mahali pa chini.

Mwisho, tazama kile kijiti cha kuvuta wakati wa kuwasha mashini baridi, kinachozuia hewa ya kabureta. Ikisahauliwa nje, au ikishindwa kurudi yote, mashini baridi inakwenda vizuri, lakini ikipata moto inasongwa na esansi nyingi. Inatoa moshi mweusi, buji inalowa, nguvu inakwisha. Kisukume mpaka mwisho.

4. MAJI YA KUPOZA

Mashini ya mtumbwi inapozwa na maji ya ziwa. Chini, karibu na elisi, mna matundu madogo yanayoingiza maji. Juu yake mna pompi yenye gurudumu la mpira. Gurudumu hilo linasukuma maji kuzunguka silinda, na maji mengine yanatoka nyuma kama uzi.

Jifunze kuutazama uzi huo wa maji kila mara, kama mchungaji anavyohesabu ng'ombe wake. Asubuhi uwe na nguvu, na baada ya nusu saa uwe na nguvu ile ile. Maji yake yawe baridi au vuguvugu. Ukilegea, au ukikatika, au ukitoa mvuke, punguza mwendo na kuzima mara moja. Ukiendelea mbele kwa dakika chache tu, pistoni inaweza kushika silinda, na mashini imekufa.

Baada ya kuzima, inua mashini na kutazama matundu ya chini. Mara nyingi utaona majani, mchanga, au kipande cha mfuko wa plastiki kilichonata pale. Ondoa. Kama tundu la kutokea maji limezibwa na mchanga, lizibue kwa uzi laini wa chuma.

Lakini uzi wa maji si ushahidi wote. Katika mashini nyingi maji yanaweza kutoka nyuma, na bado njia za ndani ya kichwa cha silinda zimezibwa na mchanga au chokaa. Maji ya Tanganika yana chumvi za mawe. Tazama mawe ya pwani yaliyovaa ganda jeupe. Basi fanya pimo la pili. Mashini ikilegea, izime, ondoa kifuniko cha juu, na kwa ncha ya kidole dondosha tone moja la maji juu ya kichwa cha silinda. Tone likikaa na kutiririka, moto ni wa kawaida. Tone likilia na kukauka papo hapo, moto umepita kiasi. Hapo ugonjwa ni wa maji, usitafute bobini.

Usimwage maji baridi juu ya mashini iliyo na moto mwingi. Chuma kitapasuka. Iache ipoe yenyewe.

Gurudumu la mpira la pompi ni kitu cha kuchakaa, kama kiatu. Mashini inayofanya kazi kila siku libadilishwe walau mara moja kwa mwaka. Ukilitoa, tazama mabawa yake. Yakiwa yamepinda na kukaa hivyo, yakiwa yamepasuka au yamekuwa magumu, tupa. Bawa likiwa limekatika, tafuta kipande chake, kwa maana kimepanda na maji na kitaziba njia juu. Unaporudisha gurudumu jipya, lizungushe upande ule ule mashini inakozungukia, ili mabawa yalale vema.

Katika mashini nyingine kuna pia termostati, mlango mdogo unaofunguka maji yakipata moto. Ikishika katika kufungwa, maji hayapiti. Itoe, iweke ndani ya sufuria ya maji juu ya jiko. Maji yakikaribia kuchemka na mlango haujafunguka, nunua nyingine.

Na jambo hili lisisahauliwe na mtu yeyote: usiwashe mashini juu ya nchi kavu, hata kwa dakika moja. Gurudumu la mpira likizunguka bila maji linaungua. Ukitaka kupima pwani, tumia pipa lililojaa maji kupita matundu ya chini.

5. MAFUTA NA BUJI

Mashini nyingi ndogo hazina mafuta yao peke yake. Zinapata mafuta yaliyochanganywa na esansi. Mafuta yakipungua, pistoni inakauka, inavimba na kukwaruza. Dalili yake ni hii: mashini inapolegea na kuzimika, vuta kamba ya kuwashia. Kama ni nzito sana kuliko asubuhi, na ikipoa inakuwa nyepesi tena, pistoni imeanza kushika. Usiilazimishe.

Soma kitabu cha mashini yako kujua kipimo. Mashini nyingi za sasa zinataka sehemu moja ya mafuta kwa sehemu 50 za esansi. Maana yake: kwa lita 10 za esansi, mafuta mililita 200; kwa lita 25, nusu lita. Mashini nyingi za zamani, na nyingi za mpya katika saa zao za kwanza, zinataka moja kwa 25, ndiyo mara mbili ya hayo. Pima kwa chupa yenye alama, wala si kwa jicho usiku. Changanya ndani ya bidoni na kutikisa kabla ya kumimina katika tangi. Tumia mafuta ya mashini za majini yenye alama TC-W3. Mafuta ya motokari yanaacha majivu. Mashini ya mwendo wa mara nne ina mafuta yake chini, hiyo isichanganyiwe.

Halafu toa buji, uisome kama barua. Buji yenye rangi ya kahawia inasema mashini ni nzima. Buji nyeusi iliyolowa inasema esansi au mafuta yamezidi, au moto wa umeme ni dhaifu. Buji nyeupe, yenye vipele, inasema moto wa silinda umezidi: mafuta, esansi au maji hayatoshi. Ukiona juu yake vipande vidogo vinavyong'aa kama fedha, pistoni inayeyuka. Simamisha kazi, peleka kwa fundi. Tena hakikisha namba ya buji ni ile ya kitabu. Buji isiyo ya namba yake inaweza kuingia vizuri katika tundu na kuharibu mashini.

6. SASA BOBINI

Kama esansi inafika, maji yanapoza, mafuta yametimia na buji ni nzuri, sasa ndipo wakati wa kushuku bobini. Pimo lake lifanywe upesi, mashini ingali na moto.

Zima mashini. Toa buji, weka buji mpya ndani ya kofia ya waya. Gusisha chuma cha buji na chuma kisicho na rangi cha mashini, mbali na tundu la silinda, kwa sababu tundu hilo linatoa mvuke wa esansi unaoweza kuwaka. Usishike buji wala waya kwa mkono mtupu. Mwenzako avute kamba. Moto ukiruka kwa rangi ya buluu na kulia «ta, ta», bobini inafanya kazi. Ukiwa mwembamba wa manjano, au usionekane, ngoja mashini ipoe na pima tena kwa namna ile ile. Moto ukirudi kwa nguvu baada ya kupoa, umeme una ugonjwa wa moto. Hapo kwanza tazama waya: waya uliochubuka, kiungo kilichoota kutu, waya wa kuzimia unaogusa chuma. Kisha bobini.

Mashini yenye silinda mbili inaweza kupoteza moja na kuendelea na ile nyingine, kwa nguvu isiyofika nusu. Pima zote mbili. Kama ina bobini mbili zinazofanana, zibadilishane mahali. Ugonjwa ukihamia silinda ya pili, bobini ile ni mbaya kweli. Ukibaki pale pale, bobini ni nzima, usinunue. Pimo hili halina gharama.

Na kama umeme nao ni mzuri, lakini kamba ya kuwashia inavutika kwa wepesi sana wakati wa moto kuliko wakati wa baridi, pete za pistoni zimekwisha au silinda inavuja. Hiyo ni kazi ya fundi. Mweleze yale uliyoyaona, kwa mpangilio, naye atafanya kazi kwa muda mfupi.

7. UKIWA KATIKATI YA ZIWA

Mtumbwi wenye mashini usitoke pwani bila makasia mawili, kamba ndefu, buji mpya, ufunguo wa buji, maji ya kunywa, na jile la kuokoa kwa kila mtu. Mashini isiyoaminika isivuke ziwa. Ifuate pwani mpaka itakapotengenezwa.

Ikilegea mbali, fanya hivi: punguza mwendo, tazama uzi wa maji, fungua hewa ya tangi, finya mpira. Kama ni moto uliozidi, ngoja ipoe vema, kisha rudi kwa mwendo mdogo. Mwendo mdogo unazaa moto mdogo. Usiwashe na kuzima mara kumi kwa hasira. Kila mtu apige kasia ili mtumbwi usigeuke ubavu kwa mawimbi.

8. MAMBO YA KUKUMBUKA

Sauti ikipanda, tazama elisi. Sauti ikishuka, tazama mashini.
Tangi lipumue.
Uzi wa maji utazamwe kila mara.
Mafuta yapimwe kwa chupa.
Buji isomwe.
Bobini iwe ya mwisho, isiwe ya kwanza.

Andika katika daftari siku ulipobadilisha gurudumu la mpira na buji, na dakika ngapi mashini ilikwenda kabla ya kulegea. Daftari hilo, na mapimo yaliyofanywa mashini ingali na moto, yatakuokolea fedha nyingi. Na siku ya upepo mkubwa yataweza kukurudisha pwani, wewe na wenzako.